Mhudumu akibisha hodi, usimfiche anayekohoa

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifika kuuliza kama nyumbani kuna anayekohoa, wapo wazazi wanaojibu haraka, "Hapa wote wazima." Babu aliye chumba cha ndani huambiwa ajizuie mpaka mgeni aondoke. Si kwamba hawampendi. Wanaogopa maneno ya majirani. Lakini hofu hiyo wanaoilipia ni wajukuu.

Kifua kikuu, yaani TB, huenea kwa njia ya hewa. Mtu anaweza kukaa nacho miezi mingi akinunua dawa za kikohozi dukani, huku akiwaambukiza anaolala nao chumba kimoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2023 watu milioni 10.8 waliugua TB, lakini waliogunduliwa na kuripotiwa walikuwa milioni 8.2. Kwa hiyo kusubiri wagonjwa waje wenyewe hospitali hakutoshi. Lazima watafutwe.

Mhudumu huuliza kuhusu dalili kama kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, kupungua uzito na kutokwa jasho jingi usiku. Ukiwa na dalili hata moja, nenda ukapimwe. Hapa Tanzania, vipimo na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya umma.

Akipatikana mgonjwa mmoja, wote anaoishi nao wachunguzwe, hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi kwa urahisi, na pengine dalili pekee ni kutoongezeka uzito. Nenda na kadi yake ya kliniki. Akionekana hana TB, daktari anaweza kumpa dawa za kinga.

Viongozi wa afya nao wana wajibu. Mhudumu anayetangaza siri za nyumba moja atafungiwa milango ya mtaa mzima. Majibu ya makohozi nayo yasicheleweshwe, maana mgonjwa aliyezungushwa huenda asirudi tena.

Mzazi, leo kabla ya kulala jiulize: nani humu ndani amekohoa kwa wiki mbili? Kesho mpeleke zahanati. Usingoje kubishiwa hodi.