“Boi”: Neno na Chumba cha Uani

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba walowezi wa Nairobi walilipotosha neno “boy”, lenye maana ya mtoto wa kiume, walipomwita hivyo mtumishi mwenye mvi, hotelini mjini au jikoni Lavington. Dai hili halina msingi. Katika Kiingereza cha karne ya 14 neno hilo lilimaanisha mtumishi au mtu duni. Maana ya mtoto ilitawala baadaye. Dharau hiyo, basi, haikuzaliwa Nairobi. Ilikuja na lugha yenyewe. Kiswahili kilipolipokea kama “boi” kilichukua utumishi, kikauacha utoto. Leo neno limefifia, ilhali nyumba nyingi za Lavington na Kileleshwa zingali na chumba cha mtumishi uani. Mhakiki anayeshangilia kutoweka kwa neno hajaigusa maana yake.