Mwalimu Amerudi Kazini: Tumempokeaje?



Tume ya Haki na Amani huletewa mara nyingi mashauri ya mashamba, ya mirathi, ya mishahara iliyocheleweshwa na ya wajane waliofukuzwa majumbani mwao. Shauri tunaloliandikia leo ni la namna nyingine, na hatuna budi kukiri kwamba baadhi yetu tulipolisikia mara ya kwanza tulidhani halituhusu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi iliyo chini ya kanisa alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula kwa sababu ya unene uliokithiri, pamoja na kisukari na shinikizo la damu. Akapumzika wiki tano, akarudi kazini akiwa na cheti cha mganga. Miezi minne baadaye alikuwa hana darasa. Shule hatuitaji, wala parokia, na mwalimu mwenyewe ametukubalia kuyasimulia haya kwa sharti hilo.

Cheti chake kilisema kwamba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa tumbo, basi. Hakuona sababu ya kusema zaidi, nasi hatuioni. Lakini mwili ulikuwa ukipungua wiki hata wiki, nguo zikimpwaya, na baada ya miezi mitatu nywele zikaanza kupukutika, jambo ambalo waganga wanalijua na ambalo kwa kawaida hupita. Watu hawakulijua. Katika jamii yetu mtu akinenepa twasema mambo yake ni mazuri. Akikonda ghafula twanong'ona. Ofisi ya walimu ikanong'ona, kisha wazazi, kisha kwaya. Mwalimu mkuu akamwita, akamweleza kwa upole (upole huo tunautaja kwa makusudi, maana dhuluma nyingi hufanywa kwa sauti ya chini) kwamba wazazi wanauliza, kwa hiyo ingefaa alete majibu ya vipimo vyake, na kwa sasa apumzike kidogo katika stoo ya vitabu.

Hapo ndipo mwalimu alipotoboa siri yake. Alisema: sina ugonjwa mnaoudhania, nilipunguzwa mfuko wa chakula. Akadhani amejiokoa. Yaliyofuata ni kwamba uvumi ule ulizimika na mwingine ukawaka: kumbe alikuwa mlafi, kumbe ametaka urembo, kumbe ana fedha za kuchezea. Darasa lake la Tano likabaki kwa mwingine.

Tumeliangalia jambo hili kwa muda mrefu, na tunaona kwamba dhuluma kubwa kuliko zote ni ile ya kumfikisha mtu mahali ambapo hana budi kuuza siri moja ili ajitakase na uvumi mwingine. Na tujiulize, alijitakasa na nini? Kama kweli angekuwa anaishi na virusi vya UKIMWI, je, ingekuwa halali kumweka stoo? La hasha. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aajiriwe au abaki kazini, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu hiyo. Kwa hiyo swali la mwalimu mkuu lilikuwa baya kabla halijajibiwa. Na katika ofisi ile ile ya walimu, katika kwaya ile ile, bila shaka wamo wenzetu wanaoishi na virusi ambao walisikia mwenzao akijitetea kwa kusema "mimi simo", nao wakazidi kujificha. Mwalimu alituambia kwamba jambo hilo humsumbua kuliko la darasa.

Sheria hiyo ya mwaka 2004 inataja orodha ndefu ya mambo ambayo mtu asibaguliwe kwayo: rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo. Unene haukutajwa kwa jina lake. Wala kukonda. Lakini si kila haki husubiri kuandikwa na Bunge ndipo Mkristo aitambue. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, *Laborem Exercens*, alihesabu matibabu na mapumziko miongoni mwa haki za mfanyakazi, wala hakuyaita fadhila za mwajiri. Shule yenye msalaba juu ya lango ingepaswa kuwa ya kwanza kulijua hilo.

Sasa tuseme juu ya upasuaji wenyewe, kwa maana ujinga wetu ndio uliolisha uvumi. Si jambo la jana. Dkt. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alianza kuwafanyia watu wanene upasuaji wa namna hii mwaka 1966. Katika miaka ya karibuni huduma hii imeanza kutolewa hata hapa nchini, katika Hospitali ya Mloganzila. Ziko namna mbili zinazojulikana zaidi. Katika ya kwanza, mganga huondoa takriban robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi, ukabaki kama mrija mwembamba. Katika ya pili huacha kijifuko kidogo juu na kukiunganisha na utumbo, ili chakula kipitie njia fupi. Homoni moja inayoamsha njaa, ghrelini, hutengenezwa zaidi katika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, na sehemu hiyo huondolewa katika upasuaji wa namna ya kwanza. Hii ndiyo sababu mgonjwa aliyejaribu kujinyima kwa miaka mingi, akapungua na kunenepa tena, akapungua na kunenepa tena, hupata nafuu ambayo nia peke yake haikumpa.

Wanaosema "angefunga tu mdomo wake" hawajui wanachokisema. Ulafi ni kilema cha roho, na walafi wembamba wapo. Tumekaa nao meza moja kwenye karamu za upadirisho. Unene uliokithiri ni ugonjwa wenye sababu nyingi, za kurithi na za maisha, na Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa nao. Wengine wamemtaja Mtakatifu Paulo, aliyewafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu, wakauliza kwa nini hekalu likatwe. Tunawajibu kwamba hekalu linalovuja hutengenezwa, na hakuna parokia inayomlaumu fundi kwa kupanda juu ya paa.

Lakini jambo ambalo tungependa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za shule walishike zaidi ni dogo, nalo ni ratiba. Wengi hudhani kwamba mtu akishatoka hospitali na kidonda kikafunga, mambo yamekwisha. Sivyo. Wiki za mwanzo hutumia vinywaji tu, kisha chakula kilichopondwa, kisha chakula laini. Baadaye hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, akitafuna polepole, na huenda sahani ndogo ikamchukua nusu saa. Tena asinywe maji pamoja na chakula; hungoja kama nusu saa ndipo anywe, kwa mafunda madogo, naye anahitaji kiasi cha lita moja na nusu kwa siku. Asipoyapata maji hayo atarudi hospitali, na kukaukiwa maji ni moja ya sababu za kawaida za kurudi huko.

Sasa mwekeni mtu huyu katika shule zetu. Mapumziko ya saa nne ni dakika ishirini. Atakula au atakunywa? Yote mawili hayawezekani. Akila, atafundisha vipindi vitatu vinavyofuatana hali koo limekauka na vumbi la chaki likimwingia. Akinywa, atasimama mbele ya watoto hamsini tumbo likiwa tupu. Mchana shule hupika ugali na maharage, na ugali mgumu humkaa kifuani. Chai ya shule ina sukari nyingi, na aliyefanyiwa upasuaji, hasa ule wa namna ya pili, akinywa kitu kitamu sana huweza kutokwa jasho, kutetemeka na moyo kumwenda mbio. Mwalimu wetu lilimpata jambo hilo mara moja darasani. Aliketi akainamisha kichwa mezani, na watoto wakakimbia kwenda kusema kwamba Mwalimu anakufa. Siku hiyo uvumi ulipata miguu.

Angehitaji nini? Chupa ya maji juu ya meza yake darasani. Kiti. Ruhusa ya kula yai au kunywa maziwa kati ya vipindi bila kuhesabiwa kuwa mvivu. Ratiba isiyompa vipindi vitatu mfululizo katika miezi ya mwanzo, na kuondolewa zamu ya alfajiri na kubeba marundo ya madaftari kwa wiki sita, maana ndani kidonda hupona polepole kuliko nje. Baada ya hapo vidonge vya vitamini na madini siku zote za maisha yake, na siku chache kwa mwaka za kwenda kupima damu. Gharama ya mambo haya kwa shule ni ndogo mno kiasi kwamba tunaona haya kuyaandika. Gharama ya kumkosa mwalimu wa hisabati mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne, kila mzazi anaijua.

Hatusemi kwamba mwalimu mkuu hakuwa na mzigo wake. Walimu wanne waligawana vipindi vya mwenzao kwa wiki tano bila nyongeza yoyote, na uchungu wao si wa kudharauliwa. Mmoja wao alituambia waziwazi: "Mimi nina vidonda vya tumbo miaka sita na sijawahi kupewa hata siku mbili." Maneno hayo tuliyapokea kama shauri la pili. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, iwapo ana cheti cha mganga. Dada yule hakuambiwa hilo na mtu yeyote. Shule isiyoweka akiba ya mwalimu wa kushika nafasi huwafanya wagonjwa kuwa maadui wa wazima.

Wapo pia waliotuuliza kwa nini tume ya maskini inashughulika na upasuaji wa wenye nacho. Mwalimu huyu si mwenye nacho. Alikopa kwenye SACCOS na kuuza kiwanja cha marehemu baba yake. Kabla ya upasuaji alikuwa akidungwa insulini na miguu ilikuwa imeanza kufa ganzi, naye ana watoto watatu. Deni la SACCOS linakatwa katika mshahara kila mwezi, lakini fedha za masomo ya ziada, ambazo alizipata kwa kuwa na darasa, zimekatika tangu alipopelekwa stoo.

Tena tuseme neno juu yetu wenyewe. Katika Kwaresima, mjumbe mmoja wa Tume hii alimwona mwalimu yule akila ndizi saa tano asubuhi siku ya Ijumaa Kuu, akamkemea mbele za watu. Sheria ya Kanisa ya kufunga huwahusu waliotimiza miaka 18 hadi wanapoanza mwaka wao wa 60, na wagonjwa hawabanwi nayo. Mjumbe wetu aliijua sehemu ya kwanza, ile ya pili akaisahau. Amekwenda kumwomba radhi. Mwalimu alimkaribisha chai, yeye mwenyewe akanywa maji.

Kwa hiyo Tume imeiandikia bodi ya shule ile ikiomba mambo matatu: mwalimu arudishiwe darasa lake mwanzoni mwa muhula ujao, asiulizwe tena na mtu yeyote habari za vipimo, na mwalimu mkuu azungumze na wazazi bila kutaja ugonjwa wa mtu, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Bodi imetujibu kwamba itakutana. Hatujapewa tarehe.

Walimu wengine walio katika hali kama hii, au ya ugonjwa wowote, wamwone mwenyekiti wa Haki na Amani wa Jumuiya Ndogo Ndogo yao, au mjumbe wa Tume anayekaa katika ofisi ya parokia kila Jumapili baada ya Misa ya pili. Waje na nakala ya cheti cha mganga na ya mkataba wa kazi. Wasikawie: aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Hawatatakiwa kutueleza wanaumwa nini.