Tumwachie Kenge Kichuguu Chake

Papa na mama wa Ankoro, wavuvi wa Luvua na wa Lualaba, vijana mnaofyatua matofali, walimu na machifu wa vijiji: nawaandikia kumwombea mnyama asiye na mtetezi. Ni kenge. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Kenge ni jina la kumtukania mtu, na hata methali inamtaja kwa dharau: katika msafara wa mamba, na kenge wamo. Yaani ni mdandiaji tu, mtu wa kujipachika penye wakubwa. Lakini hapa kwetu, mito miwili inapokutana, anayeutazama msafara huo vizuri ataona kenge hamfuati mamba ili apate sifa. Anamfuatia mayai.

Mamba jike hutaga mayai kati ya 25 na 80 ukingoni mwa mto, akayafukia, akayalinda kwa miezi 3 hivi. Kenge hukinusa kiota, akajibanza jirani, akangoja. Jike akishuka majini kupoza mwili, kenge anachimba. Hugh Cott, Mwingereza aliyewachunguza mamba wa Uganda na wa Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1961, alimtaja kenge miongoni mwa waharibifu wakubwa wa viota vya mamba. Sitaki kutia chumvi. Kenge hatawamaliza mamba wa Lualaba, wala mto hauhitaji wamalizwe. Ila sisi tunaoteka maji, tunaofua na kuoga kwenye mto huohuo, tukimpiga kenge mawe tunamuua mmoja wa wachache wanaopunguza mamba kabla mamba hawajaota meno.

Tumjue kwanza ni nani. Ukoo wa kenge una aina zaidi ya 80, zilizotawanyika Afrika, Asia na Australia, na wataalamu wameziweka zote katika jenasi moja tu, Varanus. Jitu la ukoo huu ni joka la Komodo, kule Indonesia, linalofika mita 3. Kwetu Katanga ya zamani wapo wawili. Yupo kenge wa nchi kavu, mnene, mwenye shingo nene, anayetembea porini mbali na maji. Na yupo kenge wa maji, yule wa kwetu hasa, anayeweza kupita mita 2 kwa urefu, na zaidi ya nusu ya urefu huo ni mkia. Mkia wake umebanwa ubavuni, na ndio unaomsukuma majini huku miguu ameilaza mbavuni. Ukikatika hauoti tena. Mjusi wa ukutani huacha mkia wake na kukimbia, kwa kuwa ataota mwingine. Kenge hana anasa hiyo, ndiyo maana anautumia kama mjeledi, anapiga nao.

Ulimi wake uliogawanyika ncha mbili huwatisha watu, wakadhani ni mwiba wa sumu. Hauchomi. Kenge huutoa kuokota harufu hewani na ardhini, kisha akaipeleka kwenye kiungo maalumu kilicho katika kaakaa lake. Ndivyo anavyojua mzoga uko upande gani. Na ukiona koo lake likituna na kunywea anapokimbia, hapandishi sumu. Mijusi wengi hushindwa kukimbia na kupumua vizuri kwa wakati mmoja, kwa sababu misuli ileile ya ubavuni hufanya kazi zote mbili. Kenge amelipatia dawa tatizo hilo: anaisukuma hewa mapafuni kwa koo. Kwa hiyo anakimbia mbali zaidi kuliko mijusi wenzake, na usishangae kijana mwenye mbio akimkosa.

Hata akili anayo. Katika bustani ya wanyama ya San Diego, Marekani, kenge wa nchi kavu waliwekewa konokono kwa idadi maalumu, kisha wakapunguziwa mmoja kwa siri. Walibaki wakimtafuta yule aliyekosekana, na jaribio hilo lilionyesha kwamba wanaweza kuhesabu mpaka sita. Tukimwita mtu kenge, basi, tusiseme hajui hesabu.

Chakula chake ni orodha ndefu: kaa, vyura, samaki, panya, mayai, wadudu, na mizoga inayooza ukingoni ambayo hakuna mwingine anayetaka kuigusa. Akiwa mdogo meno yake ni makali. Akizeeka, ya nyuma huwa butu, yakawa ya kuvunjia konokono na kome. Konokono wa majini ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho. Sisemi kenge ataondoa kichocho Ankoro, hiyo ni kazi ya vyoo, maji safi na vidonge. Nasema tu kwamba anakula vitu ambavyo hatuna faida navyo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Kenge jike wa maji hatagi mtoni. Mvua zikishalainisha ardhi, hupanda kwenye kichuguu chenye mchwa hai, akakichimba kwa kucha, akaingiza humo mayai yake, 20 mpaka 60, kisha akaenda zake. Harudi kuyalalia. Kazi iliyobaki wanaifanya mchwa bila kujua. Mchwa hawavumilii tundu katika nyumba yao. Wanaliziba kwa udongo na mate, tabaka juu ya tabaka, mpaka mayai yanafungiwa ndani. Humo joto halipandi sana wala halishuki sana, unyevu haukauki, na nguchiro haoni mlango. Mayai hukaa miezi 6 mpaka 9, pengine karibu mwaka mzima. Mvua za msimu mwingine ndizo zinazolegeza zile kuta ngumu, na watoto wakatoboa wakatoka pamoja, kila mmoja akiwa na urefu wa sentimita 30 hivi, weusi wenye madoa na mistari ya manjano inayong'aa. Hakuna mzazi anayewapokea. Wakitoka tu, kila mmoja anajitafutia.

Tupige hesabu kwa msimu wetu. Mvua huanza Oktoba, zikaisha Aprili. Kiangazi ndicho wakati wa matofali, na sote tunajua udongo wa kichuguu ulivyo mzuri kwa kufyatulia: unashikana, haupasuki upesi kwenye tanuru. Ndiyo kusema yale mayai yaliyotagwa wakati wa mvua yangali ndani wakati jembe na sululu vinapofika. Kuvunja kichuguu kimoja kunaweza kumaliza uzao wa mwaka mzima wa kenge mmoja, tena bila mtu kukusudia. Anayeyakuta huyadhania mayai ya nyoka, akayaponda. Hili ndilo pigo kubwa kuliko fimbo na mawe yetu yote, na ndilo rahisi kulizuia.

Ninachoomba kwa vijana wa matofali si kuacha kazi. Nyumba lazima zijengwe. Ankoro iliyochomewa nyumba katika mapigano ya Novemba 2002 haiwezi kuambiwa isifyatue tofali. Naomba mchague. Kichuguu kilichokufa, kisicho na mchwa, kina udongo uleule, na kenge hakitaki. Anataka chenye mchwa hai, maana bila wao hakuna wa kumzibia mlango. Chimbeni vile vilivyokufa, au vilivyo mbali na mto. Vilivyo hai karibu na maji tuviache visimame. Na ikitokea umeyakuta mayai, meupe, marefu kidogo, yenye ganda laini kama ngozi, usiyageuze juu chini, kwa kuwa kuyageuza hivyo kunaweza kuua kitoto kilichomo. Rudishia udongo uleule juu yake, uhamie pengine. Mchwa watamalizia.

Kuhusu kuku, kesi ya kenge ni ya kweli na sitamtetea kwa uongo. Anaiba mayai na vifaranga. Lakini wengi tunafunga banda usiku, wakati kenge ni mnyama wa mchana: jua likizama amelala shimoni. Mama mwenye vifaranga awafunike kwa tenga zito mchana, au awafugie ndani ya uzio wenye matundu madogo, hasa wiki za kwanza. Kenge akiingia uani, usimbane kwenye kona. Mpe njia ya kutokea, atakimbilia mtoni mwenyewe. Anayebanwa huuma na kupiga mkia, na kucha zake huchana vibaya. Aliyeumwa aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, kisha aende kituo cha afya kuuliza sindano ya pepopunda. Mdomo unaokula mizoga si mdomo safi.

Wavuvi nao nina ombi kwao. Kenge akinaswa kwenye wavu chini ya maji hufa kwa kukosa hewa, kwa maana anapumua kwa mapafu kama sisi. Ukimkuta yu hai, mfunike kichwa kwa gunia. Akishatulia, kata macho mawili matatu ya wavu, umwachie. Macho hayo utayashona jioni.

Iko pia habari ya ngozi. Tangu zamani watu wamemtumia: ngoma ndefu ya Buganda, engalabi, kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Ngoma moja haiangamizi mto. Lililoangamiza ni biashara, pale ngozi za kenge wa Afrika zilipopelekwa Ulaya, Marekani na Asia kwa mamia ya maelfu, zikawa mikoba, mikanda na viatu. Leo ukoo mzima wa kenge umo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, ambao nchi yetu iliuingia mwaka 1976, ikiitwa Zaire. Ngozi haivuki mpaka bila kibali. Akija mnunuzi anayetaka ngozi nyingi kwa bei ya kutupa, jueni kwamba anachezea sheria, na ikivunjika atakayebaki hapa kuulizwa ni mwanakijiji.

Upande wa juu wa mto tunayo Hifadhi ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Huko mnyama ana walinzi na mipaka. Ankoro haina mlinzi wa kenge, na sidhani tutaletewa. Ndiyo maana wito huu siupeleki Kinshasa wala Kalemie, naupeleka kwenu. Machifu, kikao cha kijiji kitakapogawa sehemu za kuchimba udongo, tajeni vichuguu vitakavyoachwa, vijulikane kwa mahali pake. Walimu, wapelekeni watoto wakaone kichuguu kilichotobolewa na kuzibwa, waulizeni nani aliyeziba. Wenye redio ya jamii, litangazeni hili kwa Kiluba na Kiswahili kabla kiangazi hakijaanza. Na wewe kijana, kiangazi hiki, kabla hujapiga sululu ya kwanza, bomoa kipande kidogo tu cha kichuguu, usubiri kidogo: mchwa wakitoka kuziba, tafuta kingine.