Tujifunze kwa Wasini kukinga mvua

Wasini, kisiwa kidogo cha Kaunti ya Kwale mkabala na Shimoni, hakina mto wala gari. Wavumba wachache wanaoishi humo, juu ya miamba ya matumbawe, wamekinga maji ya mvua kwa vizazi ili wapate ya kunywa.

Huku Eastlands, Nairobi, kuanzia Umoja hadi Kayole na Dandora, mifereji hukauka, nasi hununua maji ya mikokoteni kwa mtungi. Mvua za masika ya 2024 ziliifurisha mitaa ya jiji, kisha maji hayo yakapotelea mitaroni.

Serikali ya Kaunti ya Nairobi na wenye ploti waweke gata na matangi kabla ya masika yajayo. Mapaa tunayo, kinachokosekana ni nia.