KUHARAMISHA PEKE YAKE SI KULEA

Imeenea katika miji yetu ya pwani kauli moja isemwayo kwa sauti kubwa na kusikilizwa kwa vichwa vilivyoinama: kuwa Mwislamu akitoka jioni na rafiki zake kwenda kula mkahawani, au kupunga upepo ufukoni, au kutazama sinema, basi amekwisha ingia katika upuuzi, na upuuzi ni mlango wa maasi. Kauli hii ina sura ya uchaji Mungu, lakini ukiichunguza utaona imejaa uvivu. Kusema "haramu" ni kazi ya neno moja. Kumlea kijana ni kazi ya miaka.

Hatukanushi kuwa matembezi yana maovu yake. Nenda Forodhani, Unguja, wakati wa magharibi. Utamwona kijana adhana inamfikia masikioni naye mshikaki uko mkononi, anangoja urojo wake upoe, na msikiti hauko mbali. Utawakuta wengine wamezunguka meza wanawasengenya wenzao, na nyama ya watu imekuwa tamu kwao kuliko nyama ya kuchoma. Utamwona na baba mwenye kuwalipia marafiki kumi pweza na juisi ya miwa, hali nyumbani kwake watoto wameambiwa leo ni chai kavu. Yote haya ni maovu, na mwenye kuyatetea hana hoja.

Lakini twauliza: je, ni matembezi ndiyo yaliyoleta kusengenya? Mbona watu husengenyana hata katika baraza ya msikiti? Je, na baraza hiyo tuiharamishe? Aliyeacha sala kwa ajili ya mshikaki, kosa lake ni kuacha sala, si kula mshikaki. Mwenye akili huondoa mwiba akaubakisha mguu.

Tuitazame sira ya Mtume wetu (S.A.W.). Alipohamia Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza walizozirithi tangu zama za ujahilia. Hakuwaamrisha wajifungie majumbani. Aliwajulisha kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia siku zile kwa mbili zilizo bora zaidi, nazo ni Idi zetu mbili. Ndugu msomaji, lizingatie neno hilo, kubadilisha. Alipoondoa, aliweka. Na Mahabashi walipocheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, alimwacha Bibi Aisha (R.A.) asimame nyuma yake awatazame mpaka alipotosheka mwenyewe. Na alipoalikwa chakula na jirani yake Mfursi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi, alikataa kwenda mpaka Bibi Aisha naye alipoalikwa. Wako wapi leo waume wenye kuifuata sunna hiyo, wale ambao kila jioni wako mkahawani na marafiki, na mke akiomba kutoka mara moja kwa mwezi huambiwa kuwa mwanamke mwema hakai nje?

Wazee wetu waliifahamu hekima hii. Siku za sikukuu walitia mkono wa Idi katika viganja vya watoto na kuwapeleka Mnazi Mmoja wacheze. Na zilipokuja sinema za Kihindi, watu wa Unguja walijaa Majestic, Empire na Cine Afrique. Waliokuwako wanakumbuka namna ukumbi mzima ulivyoimba pamoja na filamu kama Awara ya 1951, na wengi wa waimbaji hawakijui Kihindi. Nyimbo za ala zina maneno marefu baina ya wanavyuoni, wala si hapa mahali pake. Na katika filamu zile yalikuwamo ya kukemewa. Tunalotaka lionekane ni mpango wao. Yaliwekwa maonyesho ya wanawake peke yao, wakatoka mama na binti, shangazi na jirani, wamevaa mabuibui yao, wakacheka na kulia pamoja, wakarudi pamoja. Waliona mwanya, wakaweka mlango wenye bawabu. Sisi tumejua mambo mawili tu: ama kuubomoa ukuta wote, ama kuuziba hata dirisha.

Na matokeo yake tunayaona. Majumba yale yaliacha kuonyesha filamu moja baada ya jingine, video zikaingia majumbani tangu miaka ya 1980, na leo kila kijana ana sinema yake mfukoni. Tumemzuia asitoke na wenzake, tukafurahi kuwa yuko chumbani. Amefunga mlango, ana simu, na hapana mzee, wala jirani, wala rafiki wa kumwonea haya. Je, hapo tumemhifadhi, au tumempeleka mahali ambapo macho yetu hayafiki? Kijana aliyeketi na wenzake wanane mbele za watu ana walinzi wanane. Aliye peke yake gizani ana mmoja tu wa kumchezea, naye ni shetani.

Basi masharti ya matembezi si mengi wala si mazito. Kwanza, sala isipitwe. Wakati ukifika, kikundi kizima kiinuke. Pili, haki ya watu wa nyumbani itangulie haki ya marafiki. Tatu, ulimi uhifadhiwe. Nne, kiliwacho na kitazamwacho kiwe halali, na mipaka baina ya wanaume na wanawake ilindwe.

Na kwa masheikh na walimu wetu wa madrasa tunasema kwa heshima zote: mmesema sana juu ya wanakokwenda vijana, sasa wachukueni ninyi. Watoeni jioni moja, mle nao sinia moja, mcheke nao, muimbe nao kasida, kisha msali nao jamaa. Kijana aliyecheka nawe jana atakusikiliza utakapomkataza kesho. Lakini asiyepata kwako ila makatazo atatafuta furaha kwa mwingine, na huyo mwingine hatamuuliza kama amesali.

Mwenyezi Mungu atupe hekima ya kukataza kwa haki na ukarimu wa kutoa badala. Amin.