Sake: Kitabu kimoja chatosha kuanza mchezo, ila mkubwa akisome kwanza

Kijana wa Sake mwenye simu huenda amekwisha kuona picha hizi: watu watano wameketi kwenye meza, kila mmoja na karatasi mbele yake. Mmoja anasimulia, wengine wanajibu, kisha dadu inarushwa na wote wanapiga kelele. Hakuna mpira, hakuna televisheni, na mwishoni hakuna mshindi mmoja. Ni mchezo wa kuigiza hadithi, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa jeu de rôle. Wanaotaka kuuanza hapa kwetu wanauliza swali lilelile: tununue vitabu gani, na kwa feza gani?

Tuanze na mchezo wenyewe, sababu si mgumu. Msimulizi anasema: mumetoka Masisi na mizigo ya fromaji, munaelekea Sake, mvua imebomoa daraja na jua linatua; munafanya nini? Kila mchezaji amechagua mtu wa kuigiza. Mmoja ni mwendesha pikipiki, mwingine muuguzi, mwingine mfanyabiashara wa mbuzi. Kila mmoja anasema anachotaka kufanya. Jambo likiwa gumu, dadu inaamua kama ataliweza. Akishindwa, hadithi haikomi, inageuka tu: mzigo umeanguka mtoni, sasa je? Waliokua wakisikiliza wazee usiku watauelewa upesi, isipokuwa hapa wasikilizaji wana ruhusa ya kumkatiza mzee.

Sasa feza. Mchezo unaojulikana kuliko yote, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Leo unauzwa kwa vitabu vikubwa vitatu, na kila kimoja kikiwa kipya ni karibu dola 50. Hizo ni dola 150 kabla ya kulipa usafiri. Kwa familia ya Sake, iliyokimbia Februari 2024, na pengine tena Januari 2025, hiyo si bei ya kujadili. Na hata mwenye feza atahangaika kuviagiza, sababu tangu mwisho wa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango na ndege za abiria zikaacha kutua.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: musinunue vitabu vitatu. Meza nzima inahitaji kitabu kimoja tu, na cha kuanzia kinaweza kupatikana bure. Januari 2023, wenye mchezo huo waliziweka kanuni zake za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, na baadaye mwaka huohuo zikatoka pia kwa Kifaransa. Maana yake ni kwamba mtu yeyote anaweza kuzipakua, kuzichapa, kupiga fotokopi, hata kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuuza tafsiri yake, mradi aseme zimetoka wapi. Haombi ruhusa wala hafanyi wizi. Ila ni kurasa mia nne na zaidi. Asiyeangalia atamaliza feza yake yote kwenye mashine ya fotokopi. Chapa kurasa zinazoeleza namna ya kumuunda mtu wako na namna ya kutumia dadu, nyingine zisomwe kwenye simu.

Kuna mlango mwingine ambao sisi tunaupenda zaidi, hasa kwa wanafunzi. Mwaka 1982, Waingereza wawili, Steve Jackson na Ian Livingstone, walitoa kitabu chenye vipande 400 vilivyopewa namba. Unasoma kipande, unachagua: ukiingia mlango wa kushoto nenda namba fulani, wa kulia nenda namba nyingine. Kinachezwa na mtu mmoja, kwa dadu mbili za kawaida, kalamu ya risasi na kifutio. Vingi vya namna hiyo vimetafsiriwa kwa Kifaransa, na vilivyotumika huuzwa kwa bei ndogo kuliko vile vikubwa. Kitabu kimoja kinaweza kuzunguka darasa zima. Mwanafunzi anayesinzia kwenye somo la Kifaransa atafungua kamusi mwenyewe anapotaka kujua kama amekufa ao bado yuko hai.

Kuhusu dadu ya pande 20, ambayo sokoni kwetu haionekani: kata vikaratasi 20, andika namba 1 mpaka 20, tia ndani ya kofia, chomoa kimoja, kisha kirudishe. Kurudisha ni lazima, la sivyo mwenye kutoa 20 mwanzoni amewanyima wenzake bahati. Vifuniko vya chupa vitaonyesha nani amesimama wapi. Hayo yote hayafiki bei ya chupa ya soda.

Mpaka hapa tumesema mambo ya mfuko. Kuna jambo zito zaidi, na ndilo lililotufanya tuandike.

Katika vitabu vingi vya mchezo huu, jambo moja la kwanza unalochagua kwa ajili ya mtu wako ni uzao wake. Na kwa miaka mingi vitabu hivyo viliandika kwamba kuna mataifa mengine ya watu wa kubuniwa, kama wale wanaoitwa orc, ambayo ubaya wao ni wa kuzaliwa. Ukikutana nao njiani hauulizi wamefanya nini. Unapiga. Msomaji wa mbali ataona ni hadithi tu. Lakini hapa ni Masisi, na kule ni Walikale. Machi 1993, mauaji ya kikabila yalianza Ntoto, ndani ya Walikale, yakaenea Masisi, na watoto wa waliokimbia wakati ule leo ni wazazi. Mtoto wetu akisikia mkubwa anasoma kitabuni kwamba kuna watu wanaozaliwa wabaya, hasikii jambo la kubuniwa. Anasikia jambo ambalo pengine limekwisha kunong'onwa nyumbani kwao, na sasa kitabu kimelithibitisha.

Wengine watasema tunazidisha: watoto wanajua mchezo ni mchezo, wamechonga bunduki za mbao tangu zamani na si wote waliokwenda porini. Ni kweli, wanajua. Lakini bunduki ya mbao mtoto anaichonga mwenyewe, na hakuna mkubwa aliyesimama pale kumwambia ampige nani na kwa nini. Msimulizi ni mkubwa, ana kitabu mkononi, na anachokisema kinakuwa kweli kwa muda wa saa mbili. Huo ni uwezo mkubwa. Hatuoni sababu ya kuutumia kwa jambo hilo.

Na wenye mchezo wenyewe wamekwisha kugeuka. Katika toleo la mwaka 2024, neno la Kiingereza walilotumia kwa uzao, lenye maana ya rangi ao kabila, limeondolewa. Kama wao waliotunga wamebadilisha, sisi tunaofotokopi tunaogopa nini? Adui wa hadithi awe adui kwa alichofanya: ameiba ng'ombe, amefunga maji ya kijiji, amemdanganya mjane. Jina la kabila lisitajwe. Jina la kundi lolote lenye silaha lisitajwe pia, hata kwa utani, na mchezaji asiige matamshi ya jirani ili watu wacheke. Hadithi za vizuizi vya barabarani zingojee siku nyingine. Kuta za mbao zinasikia.

Jambo la pili ni uchawi, ambao umejaa ndani ya vitabu hivi. Marekani, katika miaka ya 1980, wazazi wengi Wakristo waliupinga mchezo huu wakisema ni wa shetani, na kelele hizo zikapita. Kwetu neno hilo lina uzito mwingine. Mtoto anayeitwa mchawi anaweza kufukuzwa nyumbani, kupigwa, kunyimwa chakula. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamwazibu anayemsingizia mtoto uchawi, lakini sheria inafika polepole kuliko jirani aliyesikia mtoto akisema kwa sauti: "Mimi ni mchawi, ninatupa moto!" Kwa hiyo neno hilo libadilishwe kabla mtoto hajaketi. Aitwe fundi wa moto, msoma nyota, lolote. Kanuni za dadu hazibadiliki hata kidogo.

Tunajua kuna wachungaji na wazazi watakaosikia habari hii na kukataa moja kwa moja. Wasipigiwe kelele. Waalikwe siku ya kwanza, wakae, wasikilize, wapewe kikaratasi wachomoe. Anayeketi pembeni akiona watoto wanabishana namna ya kuvusha mgonjwa mto uliojaa ataelewa zaidi kuliko anayesoma tahariri yetu.

Anayesimamia awe nani? Mwalimu, ao kijana mkubwa ambaye wazazi wanamfahamu. Asome kurasa zote atakazotumia kabla ya siku hiyo, afute kwa kalamu maneno yasiyofaa, aandike badala yake kwa Kiswahili cha hapa. Wachezaji wawe wanne ao watano, wavulana na wasichana. Wakizidi sita, wawili watalala. Karatasi za wachezaji zikae ndani ya daftari moja, na daftari ndani ya mfuko wa plastiki, sababu mvua ya Sake tunaijua, na kukimbia pia tunakujua. Mchezo uanze saa nane mchana na uishe kabla ya saa kumi na moja, ili kila mtoto afike kwao kungali na mwangaza.