Serikali isikatae cheti ilichokitoa yenyewe



Mimi ni fundi magari, nina gereji hapa Mwanza. Vijana wengi ninaowafundisha kazi waliishia darasa la saba au kidato cha pili.

Mmoja wao alikuja akiwa hajui hata kushika spana. Leo ukimletea injini ya dizeli inayotoa moshi mweusi, anaanza na kichujio cha hewa, anafungua nozeli na kuzipima, ndipo aguse pampu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walimpima kwa utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Mpimaji alisimama pembeni akamtazama akifanya kazi, akamhoji, na palipopungua kijana akafundishwa. Kisha akapewa cheti. Hicho ni cheti cha Serikali, kutoka mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994.

Ofisi moja ya umma ilipotangaza nafasi ya fundi magari, aliomba. Jina lake liliachwa kwa sababu hana cheti cha kidato cha nne. Hakuna aliyemwuliza hata swali moja la injini.

Najua sharti hilo lilikotoka. Tangu tarehe 20 Mei 2004, elimu ya chini ya kuingilia utumishi wa umma ni kidato cha nne. Tuliona watumishi wa darasa la saba wakiondolewa kazini, kisha mwaka 2018 walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo wakarudishwa. Hata tangazo la udereva serikalini linataka leseni ya daraja la E au C, mafunzo ya msingi ya udereva, na pia cheti cha kidato cha nne. Dereva mzoefu asiye na doa la ajali anakwama hapo. Kwa mhasibu au muuguzi sibishani, lakini kazi ya spana na usukani hupimwa kwa kuifanya.

Wapo watakaosema njia ya kurudi kusoma ipo. Ni kweli, na vijana wangu nawahimiza waifuate. Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, yaani QT, na akifaulu afanye wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inasaidia. Lakini kwa mwenye mke na watoto, hiyo ni miaka miwili ya ada na vitabu, akitoka gereji jioni hoi. Je, ni lazima kwanza afaulu historia ndipo aaminiwe kufunga breki za gari la halmashauri?

Ombi langu ni kwa Ofisi ya Rais, Utumishi. Rekebisheni sifa za kuajiri mafundi na madereva: mwenye cheti cha VETA aitwe kwenye usaili, apimwe kwa vitendo. Kama hofu ni kusoma na kuandika, apewe jaribio siku hiyohiyo. Waajiri binafsi nao wanaiga masharti ya Serikali, kwa hiyo mkilegeza ninyi, milango mingi itafunguka. Kijana wangu alishapimwa na Serikali, ikathibitisha kwamba anaweza. Sasa impe nafasi ya kushindania kazi.

Fundi magari,
Mwanza.